Wivu Katika Chumba Kisichoshika Mtandao

Mkono wa Vanaja uko kwenye mpini wa mlango. Ndipo tulipoachana wiki jana, na najua kuna mlionilaani siku saba nzima kwa kuwakatia pale. Haya, tusicheleweshane.

Ndani yumo Prasanna, mume wake wa ndoa, baba wa binti yao Charu. Yumo na Mrunal, yule msichana wa kutoka Pune aliyekuja maabara juzi tu na kukabidhiwa kalamu ya kusaini ripoti, kalamu ambayo Vanaja ameisubiri miaka kumi na moja. Dakika arobaini wamo humo na mlango umefungwa. Chumba chenyewe ni sanduku kubwa la chuma la kupimia mawimbi ya vifaa visivyotumia waya. Simu ikiingia humo inakufa. Vanaja amempigia mumewe mara tisa, na mara zote tisa ameambiwa hapatikani kwa sasa.

Akavuta mpini kwa mikono miwili.

Lo! Afadhali angewakuta wamekaa.

Prasanna alikuwa juu ya stuli ndefu, amenyoosha mikono kuifikia antena iliyo juu ya mlingoti. Chini yake Mrunal, kichwa amekiinamisha, amemkumbatia miguu kwa mikono yote miwili. Amemkumbatia, nasema. Magotini kwenda juu.

"Hongereni," Vanaja akasema.

Stuli ikayumba. Mrunal akazidi kukaza.

"Mwachie!"

"Nikimwachia ataanguka, dada!"

"Aanguke! Ana bima!"

"Mama Charu, hebu ngoja kidogo," Prasanna akasema kutoka kule juu. "Mlingoti umegoma kushuka tangu asubuhi. Ningefikaje huku?"

"Na fundi wa mlingoti amekufa? Wewe ni mteja hapa, umeleta ruta zako zipimwe. Tangu lini mteja anapandishwa kwenye antena zetu huku anapapaswa?"

"Nani anapapaswa?"

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

"Umeona mtu ameshikwa asivunjike shingo."

"Na simu?"

"Simu haishiki humu! Nani asiyejua? Si wewe uliyenifundisha?"

Kweli alimfundisha yeye. Walijuana humu humu, Prasanna alipoleta kifaa chake cha kwanza kikafeli, naye Vanaja akamfungia mlango huu huu akamwonyesha kosa lilipo. Sasa mnaelewa kwa nini roho ilimuuma. Mwanamke anayeijua njia aliyopita mumewe kuja kwake hana usingizi akimwona mwenzake amesimama kwenye njia hiyo hiyo.

"Dada Vanaja, tusikilize kwanza," Mrunal akasema, bado kang'ang'ania. "Nina wasiwasi na vipimo vyangu."

 Hapo masikio ya Vanaja yakasimama.

"Vipimo vyako vipi? Vile ulivyovisaini?"

"Ndiyo. Tangu sikukuu ya Ayudha Puja hakuna kifaa hata kimoja kilichofeli humu ndani. Vifaa kumi na vinne, vyote vimepita. Hata ile kengele ya mlango isiyo na waya, ambayo sote tulijua ni takataka. Imepita, dada. Imepita vizuri kabisa."

"Na ruta ya huyu bwana?"

"Ndiyo iliyonikosesha usingizi."

Kwa wale mliokosa gazeti la wiki mbili zilizopita: ruta hiyo Vanaja mwenyewe aliipima kabla ya sikukuu, akaifelisha bila kujali kwamba ni ya kiwanda cha mumewe. Kelele zake za redio zilimwagika desibeli tatu juu ya kikomo, tena kwenye masafa ambayo marubani huongea na uwanja wakati wa kutua. Kina Prasanna wakaenda kuivalisha kifuniko cha bati, wakairudisha. Safari hii akaipima Mrunal. Ikapita. Alhamisi akaisaini. Na tangu Alhamisi hiyo Vanaja hakubakisha mtu wa kumwambia, kuanzia mlinzi wa geti hadi mama wa usafi, kwamba ruta ile haikupimwa, ilipendelewa.

"Kifuniko kile nilikichora mimi," Prasanna akasema. "Hakina ubavu huo, Mama Charu. Nilitegemea kipunguze kidogo tu. Kimepunguza mpaka natia shaka. Mtu akifaulu mtihani ambao hakuusoma, si lazima ajiulize?"

"Muulize mwalimu wako mpya."

"Ameniuliza yeye. Ndiyo maana tuko humu." Akapeleka vidole nyuma ya antena. "Hebu! Kuna kitu huku."

Akavuta. Kikakatika. Akashuka taratibu, Mrunal akiwa bado amemshika (huyo naye, mtu ameshafika chini unashika nini?), akafungua kiganja.

Ulikuwa utepe wa kumetameta. Utepe wa rangi ya fedha, ule wa nyuzi za bati wa kupambia, umezungushwa na kukazwa hata ukaacha alama, na katikati yake limenasa ua moja la manjano lililokauka.



Msomaji, huo utepe aliufunga Vanaja mwenyewe.

Siku ya Ayudha Puja kila mwenye kifaa hukienzi. Pikipiki huvikwa mashada, bisibisi hupakwa msandali, na hapa Peenya, mtaa wetu wa viwanda, hata mashine za kukata vyuma hupewa pumziko na kuwekwa alama ya unga mwekundu. Maabara nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa mpaka: chumba cha kupimia hupakwa unga mlangoni, basi. Ndani hakiingii kitu. Chuma chochote kikining'inia karibu na antena huiziba masikio, hilo hata mfagiaji analijua.

Miaka kumi na moja sinia la moto wa kafuri lilishikwa na Vanaja. Mwaka huu bosi, Bwana Seshagiri, akasema, "Ashike mwenye kalamu." Akapewa Mrunal. Vanaja akaliona sinia lile likizungushwa mbele ya mashine alizozilea mwenyewe, na Prasanna, aliyealikwa kama mteja, akipiga makofi.  Watu walipokwenda kula bisi na ndizi, akachomoka na shada lake na utepe wake, akaishusha antena, akaivika. Mizunguko minne. Akafunga fundo, akakaza kwa meno. Kesho yake akarudi akaondoa maua. Utepe wa nyuma hakuuondoa, kwa kuwa aligeuka akamkuta Mrunal amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, akimsalimia kwa tabasamu, naye akasusa akaondoka zake. Baadaye akajisahaulisha. Kwa siku kumi na mbili mambo yakaenda hivyo.

"Nani mwehu aliyefanya hivi?" Mrunal akauliza polepole.

Kabla Vanaja hajapata pa kuweka uso, mlango ukajaa tumbo la Bwana Seshagiri.

"Mko hapa! Mzee Neelakantan ameshapita getini! Mkaguzi wa ithibati anakuja na nyinyi mnacheza kombolela kwenye..." Akauona utepe. Akaelewa papo hapo. Hakuijenga maabara ile kwa kulala. "Hiyo nipe. Nipe mfukoni."

"Bosi, hapana," Mrunal akasema.

"Nipe, mwanangu. Tutajadili akishaondoka. Itupe! Imeze!"

"Nimesaini ripoti kumi na nne na kitu hiki kikiwa juu ya antena. Nikikificha leo, kesho nitasaini nini?"

Tazama anavyojifanya malaika, Vanaja akawaza. Na tazama yule anavyomtazama.

Maana Prasanna alikuwa akimtazama Mrunal. Siyo kwa mahaba, mimi msimulizi naweza kuapa. Alimtazama kwa heshima. Lakini mwambieni mwenye wivu atofautishe.

Mzee Neelakantan aliingia na chupa yake ya maji ya moto mkononi. Mtu mwembamba, mfupi, hana haraka. Alisikiliza yote kutoka kwa Mrunal bila kukatiza, akaushika utepe kwa vidole viwili, akanywa funda moja.

"Ipimeni ruta tena. Sasa hivi. Mimi nikiwa hapa."

Ruta ikawekwa juu ya meza ya kuzunguka. Mlango ukafungwa. Wote watano wakajibana kwenye chumba cha kuendeshea, mbele ya skrini. Mstari mwekundu ndio kikomo. Chini yake unapita, juu yake umefeli. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kutoka kushoto.

Prasanna alisimama nyuma ya mkewe. Akamwinamia sikioni.

"Fundo lile nalijua."

"Fundo gani?"

"Nalifungua kila jioni kwenye nywele za Charu. Mtoto analia, nalifungua kwa kucha. Hakuna mtu mwingine Bengaluru nzima anayefunga hivyo."

Vanaja hakugeuka.

"Sema mwenyewe," Prasanna akanong'ona. "Ni kosa dogo ukilisema."

"Unamwonea huruma eeh?"

"Nakuonea huruma wewe."

"Ukifungua mdomo, Baba Charu, usirudi nyumbani. Hamia Pune."

Kwenye skrini mstari wa kijani ukainuka. Ukaugusa mwekundu. Ukaupita.

"Desibeli tatu juu," Mzee Neelakantan akasoma. "Kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Nani aliipima mara ya kwanza?"

"Vanajakshi," bosi akasema haraka, akimtaja Vanaja kwa jina lake kamili. "Injinia wetu mkongwe. Makini sana huyu."

Tumaini likamwingia Vanaja. Mnakumbuka alichokisubiri miaka yote hiyo? Kalamu. Na tazama: Mrunal amepitisha kitu kibovu, Vanaja ndiye aliyekifelisha kwa haki, na mkaguzi ameona kwa macho yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Prasanna alikuwa ameshatoka nje kupiga simu. Wakamsikia akipaza sauti: "Malori yasitoke! Hata moja! Ruta elfu arobaini, ndiyo, zote zirudi stoo... Nimesema hasara nitabeba mimi!"

Wakahamia ofisini. Kahawa ikaletwa, na uppittu, ule ugali laini wa semolina wenye viungo, kwenye sahani za chuma, hakuna aliyegusa. Mzee Neelakantan akafungua fomu.

"Antena hukaguliwa kila Jumatatu kwa chanzo cha mawimbi cha kulinganishia. Jumatatu hii na ile nani alikagua?"

"Niliruka zote mbili, mzee," Mrunal akasema. "Kazi zilikuwa nyingi. Ni jukumu langu, nimekosa."

"Hilo moja. La pili, nani alifunga utepe?"



Bosi akaitazama kahawa yake. Prasanna, aliyekuwa amerudi na jasho usoni, akamtazama mkewe. Vanaja akaitazama kalenda ukutani, akaisoma yote, na sikukuu zake.

"Nauliza kwa mara ya pili."

"Ni mimi," Mrunal akasema.

Hee!

"Wewe?" bosi akaruka.

"Mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika sinia. Nilipitiliza."

"Unajua maana yake?" mkaguzi akamuuliza. "Kuruka ukaguzi ningekuonya. Lakini mwenye sahihi kuweka chuma kwenye antena yake mwenyewe ni jambo jingine. Nakusimamisha kusaini kuanzia dakika hii."

"Naelewa, mzee."

Hakulia. Hata sauti haikutetemeka. Vanaja alitamani alie angalau kidogo, amuonee huruma yaishe. Wapi!

"Msaidizi wake ni nani kwenye karatasi?"

"Vanajakshi!" bosi akasema, uso umechanua. "Jina la pili. Tangu zamani."

Jina la pili. Mzee akamtupia maswali matatu ya haraka. Kikomo cha vifaa vya nyumbani? Akajibu. Umbali kutoka antena hadi kifaa? Akajibu. Mteja akikubembeleza umpitishe? "Namwonyesha mlango," Vanaja akajibu, na macho akayapeleka kwa mumewe.

"Sawa. Kuanzia sasa sahihi ni yako. Kazi ya kwanza ni hii."

Akamsukumia fomu na kalamu.

Kalamu, jamani! Miaka kumi na moja. Ilikuwa kalamu ya kawaida tu ya wino wa bluu, lakini Vanaja aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akasoma. *Taarifa ya kufuta ripoti kumi na nne. Chanzo cha kosa: utepe wa chuma kwenye antena. Mhusika: Mrunal Kelkar. Sahihi ya mwenye mamlaka:* na hapo palikuwa wazi, panamngoja yeye.

Jina tu. Anaandika jina lake, mambo yamekwisha.

Akainua kalamu. Na hapo hapo, kwa pembe ya jicho, akaona.

Prasanna alikuwa amechukua kikombe chake cha kahawa, akachukua kingine kitupu, akamimina nusu. Akaipandisha juu na kuishusha ili ifanye povu, akamsogezea Mrunal.

"Kunywa," akamwambia kwa upole. "Una moyo wewe. Wachache wangefanya ulichofanya."

Nusu kwa nusu. Kahawa moja, vikombe viwili. Msomaji wangu, kwa kahawa hiyo hiyo Prasanna alimchumbia Vanaja, miezi sita mfululizo, kwenye kibanda cha mbele ya geti. Hakuwahi kumpa mwanamke mwingine nusu yake. Hata mama yake mzazi humnunulia kikombe kizima.

Kitu kikapasuka kifuani mwa Vanaja.

Amechukua kalamu yangu, akawaza. Amechukua sinia langu. Sasa amechukua nusu yangu ya kahawa. Na ameipatia wapi? Kwa kosa langu! Kosa langu mwenyewe, nililolifunga kwa meno yangu, yeye ndiye anayesifiwa kwa hilo! Hata uovu wangu hawezi kuniachia?

"Mwongo!" akapiga kelele.

Wote wakaruka. Bosi akamwaga kahawa kwenye tai yake.

"Huyu ni mwongo! Hakufunga utepe wowote! Hajui hata kufunga! Mtazameni nywele zake, utepe wa dukani huo, wa kubana! Nimefunga mimi!"

"Vanaja, nyamaza," bosi akasihi. "Nyamaza mama, tumeshamaliza..."

"Sinyamazi! Mizunguko minne! Fundo la mara mbili! Muulizeni huyu bwana hapa, analijua vizuri, alinong'ona sikioni mwangu sasa hivi! Antena ile nimeilea mimi kabla huyu hajajua rada na redio zina tofauti gani. Nikaipamba mimi. Kosa ni langu. Langu! Mtu asinywe kahawa ya watu kwa kosa langu!"

Akaivuta fomu. Akalikata jina la Mrunal kwa mstari mmoja mnene hata karatasi ikachanika kidogo. Juu yake akaandika: Vanajakshi. Kisha, kwa hasira ile ile, chini kabisa akatia sahihi yake.

 Nje lori likapita likipiga honi.

Mzee Neelakantan akaigeuza fomu upande wake. Akasoma, akanywa maji yake ya moto.

"Katika miaka yangu yote," akasema, "sijapata kuona mtu akiitumia sahihi yake ya kwanza kujisimamisha mwenyewe. Unaelewa kwamba nakusimamisha?"

"Naelewa."

"Kwa kufunga, na kwa kunyamaza nilipouliza mara mbili. Na wewe binti, kwa kunidanganya, unabaki umesimamishwa. Bwana Seshagiri, maabara yako haina tena mtu wa kusaini. Funga siku thelathini."

"Thelathini!" Bosi akajishika kichwa. "Mzee, mzee wangu, wateja watanikimbia wote..."

"Watakimbilia pengine. Ruta zitapimwa vizuri huko."

Akafunga mkoba wake, akatoka kwenda ukumbini kutafuta viatu alivyovivua alipoingia. Bosi akamfuata, mikono ameikutanisha kifuani, akisali na kulalamika kwa pumzi moja.

Wakabaki watatu. Prasanna akamsogelea mkewe.

"Mama Charu."

"Usiniguse."

"Umefanya jambo kubwa."

"Sikulifanya kwa ajili yako."

"Najua. Hata hivyo." Akajaribu kutabasamu. "Nataka kumwahi mzee nimshukuru kwa kuipimisha ruta upya. Nakungojea nje, twende nyumbani pamoja. Sawa?"

Akatoka. Na Vanaja, hebu niwaambie ukweli, alihisi wepesi aliokuwa ameusahau. Kalamu imekwenda. Lakini amesema, na mumewe amemwita Mama Charu kwa sauti ile ya zamani. Pengine wivu huu utamwachia sasa. Akaanza kukusanya vyombo vya kahawa, na hata akafikiria kumsamehe Mrunal.

"Dada," Mrunal akasema nyuma yake. "Ungeniacha tu."

"Nikuache nini?"

"Nibebe mimi. Nilimsikia Baba Charu akikunong'oneza kuhusu fundo. Isingeniumiza. Mimi naondoka mwisho wa mwezi, kalamu ingebaki yako. Nilifikiri nikikuachia kwa namna hiyo tutaachana kwa wema."

Vanaja akageuka, vikombe mkononi.

"Unaondoka unakwenda wapi?"

Mrunal akashangaa. Alishangaa kwelikweli, haikuwa maigizo.

"Kwani Baba Charu hajakuambia?"

"Aniambie nini?"

"Nimepata kazi kwao. Kiwandani, idara hiyo hiyo ya usalama wa vifaa. Meza yangu itatazamana na yake."

Nisiwaeleze uso wa Vanaja. Kila mmoja wenu ana ndugu au jirani mwenye wivu, akaangalie.

"Barua ya kazi," akauliza taratibu, taratibu mno, "umepata lini?"

"Jumanne ile. Ile ya baada ya sikukuu."

"Jumanne. Na ruta yao uliisaini Alhamisi."

 Rangi ikamtoka Mrunal usoni. Ndiyo kwanza aliisikia hesabu hiyo.

Hapa Vanaja hakuhitaji kufundishwa na mtu. Mwenye kalamu haruhusiwi kupokea hata soda kutoka kwa mteja anayempimia, seuze barua ya kazi. Utepe ni uzembe, unasimamishwa unarudi. Lakini kupitisha kifaa cha kiwanda huku barua ya kiwanda hicho imo mkobani mwako, huko ni kufutwa maisha. Unafutwa wewe, kiwanda kinafungiwa, na aliyekuwa katikati naye haponi.

"Nani alikuletea hiyo barua?"

"Dada, naomba..."

"Nimekuuliza. Ilikuja kwa posta?"

 Macho ya Mrunal yakateleza kuelekea mlangoni, huko ukumbini, ambako Prasanna alikuwa akicheka na mzee, amemshikia chupa yake ya maji wakati mwenyewe akifunga kamba za kiatu cha kwanza.

Vanaja akaviweka vikombe mezani, kimoja baada ya kingine. Akapita mbele ya Mrunal bila kumgusa. Akasimama mlangoni mwa ukumbi, na mumewe akainua kichwa akamtabasamia.

"Mzee Neelakantan," Vanaja akaita. "Samahani, mzee wangu. Hicho kiatu cha pili usikivae kwanza."